Maskati si Unguja: visa, mdhamini na begi la doriani

Ikifika Oktoba, kusi imeshatulia na kaskazi inakaribia, simu yangu haipoi. Kila mtu anataka kwenda Maskati. Mmoja ana harusi ya mtoto wa ami yake, mwengine kaona picha za mji wa Nizwa kwenye simu na hazimtoki kichwani, wa tatu anamsindikiza mama aliyemkumbuka dada yake, na wa nne hasemi hasa anakwenda kufanya nini. Wote huanza na swali moja: visa bei gani na inatoka baada ya siku ngapi. Nami huwarudishia swali langu: unakwenda kufanya nini, na utafikia kwa nani?

Wengine hukasirika. Wanaona nawapekua. Lakini safari ya Oman inaharibikia hapo hapo, kwenye majibu ya maswali hayo mawili, kabla hata fomu haijafunguliwa. Kuomba visa ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye intaneti nzuri na skani safi ya pasipoti. Kazi kubwa ni kupata visa inayolingana na unachokwenda kufanya kweli, na kukumbuka kwamba nchi unayoingia ina sheria zake hata kama nusu ya ukoo wako unaishi huko. Undugu hauandikwi kwenye pasipoti.

Nalisema hili kwa sababu sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wetu kuhusu Oman. Mtu wa Dodoma au Kisumu akienda Uarabuni anakwenda ugenini na anajua, kwa hiyo anauliza, anasoma, anaogopa kidogo. Sisi tunahisi tunakwenda upande wa pili wa nyumba, na sababu zipo. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akafariki 1856, na mwaka 1861 dola likagawiwa, Maskati ikabaki na mtawala wake na Zanzibar na wake. Majahazi hayakujali mgawanyo huo. Yaliendelea kuja na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu, na kurudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos alipoingia madarakani Julai 1970 aliwaita wenye asili ya Oman warudi kuijenga nchi. Walirudi na elimu yao, Kiingereza chao na Kiswahili chao. Ndiyo maana leo unaweza kuingia hospitali ya Maskati ukapokewa na muuguzi anayezungumza kama mtu wa Mkunazini, na ukakaa kwenye harusi ya Al Khoudh, kitongoji cha Maskati, usiku kucha bila kuhitaji neno la Kiarabu.

Basi mtu akishayaona hayo, anajisahau.

Tuanze na karatasi. Visa za Oman zinashughulikiwa na Polisi ya Kifalme ya Oman, ambayo ndiyo pia idara yao ya uhamiaji, kupitia tovuti yao rasmi ya visa za mtandaoni. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaomba visa kabla ya kusafiri. Ukifungua tovuti hiyo, unachagua uraia wako na mfumo wenyewe unakuonyesha aina za visa ulizofunguliwa. Usitegemee orodha aliyokutumia mtu kwenye WhatsApp, kwa sababu mara nyingi ni ya uraia mwengine au ya mwaka mwengine. Visa za utalii za kawaida zimekuwa tatu: ya siku 10 kwa rial 5, ya mwezi mmoja kwa rial 20, na ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka kwa rial 50, ambayo haikupi ruhusa ya kukaa mwaka mzima mfululizo. Bei hizo ni za serikali. Ukiona ajenti anakutajia mara nne yake, muulize hiyo tofauti ni ya kazi gani. Wengine wana kazi halali ya kukufanyia, wanajaza fomu, wanakutafutia hoteli ya kukudhamini, na wana haki ya kulipwa. Wengine wanauza kiunganishi unachoweza kukifungua mwenyewe.

Njia ya pili, ambayo ndiyo inayotumiwa sana na watu wa kwetu, ni ya mdhamini. Ndugu yako mwenye uraia au ukaazi wa huko anakuombea visa ya matembezi kwa kitambulisho chake. Wewe unamtumia nakala ya pasipoti na picha, yeye anakamilisha. Inaonekana rahisi, na ni rahisi, ila watu hawaifikirii upande wa pili. Jina lake limo kwenye faili lako. Ukizidisha siku, ukitoweka, ukikamatwa unafanya kazi dukani kwa mtu, wa kwanza kupigiwa simu ni yeye. Nimeshaona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo nikiambiwa "shemegi atanitolea visa," huuliza kama shemegi mwenyewe ameelezwa mgeni anakuja kwa muda gani na kurudi lini, tena ameelezwa tarehe kamili, maana "nitakuja kidogo tu" si tarehe.

Wapo pia ndugu zetu waliotawanyika Uingereza, Denmark, Kanada na kwengineko, ambao wamechukua pasipoti za huko. Hao tangu Desemba 2020, Oman ilipofungua mlango kwa nchi 103, wengi wao wanaingia bila visa kwa siku 14 wakiwa na tiketi ya kurudi, mahali pa kufikia na bima ya afya. Ndiyo unaona katika ukoo mmoja binamu wa London anatua tu, na wewe wa Mwanakwerekwe unasubiri barua pepe. Inauma kidogo. Lakini hata yeye akitaka kukaa mwezi lazima aombe visa, na nimewasikia wengi waliohesabu vibaya wakidhani siku 14 zinaongezwa ukiomba vizuri.

Kwenye pasipoti yenyewe mambo ni machache. Iwe na miezi sita au zaidi ya uhai tangu siku ya kuingia. Kwa Tanzania, pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 inadumu miaka 10, kwa hiyo wengi waliochukua za mwanzo mwanzo sasa waziangalie tarehe zao. Jina kwenye tiketi liwe lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna tabia ya kuwa na Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye kitambulisho na Mohammed kwenye tiketi aliyokatiwa na mpwa wake. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja. Na visa ikitoka, soma vitu viwili tofauti: mwisho wa kuitumia kuingia, na idadi ya siku za kukaa ukishaingia. Watu huzichanganya kila mwaka.

Kadi ya manjano nayo ichukue. Oman huidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na ukipitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa na kukaa huko kwa muda, unaweza kuulizwa hata ukirudi nyumbani. Sindano ichomwe siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika maisha yote, hivyo kadi ya zamani ya hija ya marehemu mzee bado ingekuwa na thamani kama mzee angekuwepo.

Mlango wa kwanza wa Oman uko kwenye kaunta ya shirika la ndege, hapa hapa uwanja wa Kisauni, Unguja, au Dar es Salaam. Shirika likikupeleka ukakataliwa, ni juu yake kukurudisha, kwa hiyo wale mabinti wa kaunta wanakagua kwa macho ya mahakama. Chapisha visa kwenye karatasi. Chapisha tiketi ya kurudi. Andika anwani ya unakofikia na namba ya simu ya mwenyeji kwenye karatasi, usiitegemee simu ambayo itazima chaji wakati huo huo. Maofisa wetu wa uhamiaji pia huuliza, na wakimuona msichana mdogo anasafiri peke yake bila kujua jina la mtaa anaokwenda, humuweka pembeni. Wengi huona wanaonewa. Mimi naona ni katika maswali machache yenye faida yanayoulizwa pale uwanjani.

Ndege ya moja kwa moja ni mwendo wa saa tano hivi, na saa ya huko iko mbele yetu kwa saa moja. Kiwanja cha Maskati ni kipya, jengo lake lilifunguliwa Machi 2018, kirefu, baridi, kimya. Mara moja nilifika kaunta ya kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu. Akaitazama pasipoti yangu, akaona nilipozaliwa, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuteleza: "Mama, Mjini au Shamba?"

"Mjini, mwanangu. Malindi."

Akacheka. Akaniambia bibi yake kazaliwa Chake Chake na mpaka leo hali samaki wasiotiwa nazi. Tukaongea kidogo habari ya bibi. Kisha, bila tabasamu kumtoka, akanyoosha mkono: "Tiketi ya kurudi, mama. Na unafikia kwa nani?" Akasoma karatasi yangu mstari kwa mstari, akaandika namba ya mwenyeji, ndipo akagonga muhuri.

Nampenda sana yule kijana. Alifanya vyote viwili.

Sasa nije kwa yule wa nne, asiyesema anakwenda kufanya nini. Mara nyingi anakwenda kutafuta kazi, na kuna mtu kamwambia aingie kwa visa ya matembezi, "mengine yatajulikana huko huko." Zamani kidogo njia hiyo ilikuwepo. Watu waliingia kama wageni, wakapata mwajiri, wakabadilisha visa humo humo ndani. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Polisi ya Kifalme ilisitisha kubadilisha visa za utalii na matembezi kuwa za kazi. Madalali hawakusitisha hadithi zao. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliuziwa visa aliyoambiwa ni ya udereva. Alipofika nikamwomba anipigie picha ile karatasi: ilikuwa ya utalii, ya mwezi, na jina la kampuni aliyoahidiwa halimo popote. Alikaa akisubiri "kubadilishiwa" mpaka siku zikamwishia, na faini ya kuzidisha ni rial 10 kwa kila siku. Rial 10 ni zaidi ya dola 25. Fanya hesabu ya miezi miwili kisha ulinganishe na mshahara alioahidiwa, utaelewa kwa nini mtu anaogopa hata kwenda kiwanjani kurudi kwao.

Kazi ina mlango wake. Visa ya kazi inaombwa na mwajiri kabla hujaondoka, na jina la mwajiri linaonekana juu yake. Tanzania Bara ina Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ambako ajenti wa kweli anajulikana, na Kenya ina mamlaka yake ya ajira ya taifa ambayo huorodhesha mawakala wenye leseni. Mkataba usome kabla ya kusaini, na uache nakala kwa mtu wa nyumbani. Kwa wadada wanaokwenda kazi za ndani nasisitiza zaidi, kwa sababu sheria mpya ya kazi ya Oman ya 2023 haikuwaingiza wafanyakazi wa majumbani, kwa hiyo kinga yao ni ndogo kuliko ya mfanyakazi wa duka. Weka kichwani, si kwenye simu, namba ya mtu mmoja anayeishi huko na namba ya ubalozi wa nchi yako. Tanzania ina ubalozi Maskati. Piga picha ya pasipoti yako na uitume nyumbani, maana ipo desturi ya waajiri kuziweka pasipoti za watu kabatini kwao, na hiyo si haki yao.

Nimeshaambiwa nawakatisha watu tamaa. Wapo wengi walioenda wakajenga, nawajua, wengine wamejenga nyumba nzuri kuliko yangu. Waliofanikiwa karibu wote waliingia na karatasi inayosema kweli.

Mizigo. Hapa nina shangazi yangu wa Al Khoudh wa kumshukuru kwa masomo mengi. Kila nikikaribia kusafiri hunitumia sauti ndefu: "Mwanangu, usiniletee khanga, khanga zimejaa Ruwi. Niletee doriani." Doriani! Nikimwambia, shangazi, ndege haipakii doriani, inanuka kibini chote, hujibu kwamba enzi zao meli zilipakia hata mbuzi. Mwaka mmoja jirani yake aliletewa, limefungwa kwa mifuko ya nailoni saba na fulana juu, na begi lile lilipotoka kwenye mkanda watu walisogea wenyewe bila kuambiwa. Shangazi hataki kuelezwa kwamba begi hilo lilifunguliwa. Yeye anakumbuka tu kwamba jirani alikula.

Matunda mabichi, miche na mbegu zina masharti ya afya ya mimea, kwa hiyo shokishoki na mabungo nawaachieni nyinyi na dhamiri zenu. Viungo vikavu vilivyofungwa dukani havina taabu. Karafuu chukua pakiti za dukani zenye risiti, kwa sababu zikizidi zinakuwa habari ya magendo upande wetu wa Unguja kabla hazijawa habari ya forodha ya Maskati.

Kwa mambo mengine hakuna mzaha. Miraa, mirungi, gomba, liite utakavyo, kule ni dawa za kulevya. Ndugu wa Kenya wanaojua kwamba kule Meru ni zao halali la kulipia ada ya shule wasidhani uhalali huo unapanda ndege pamoja nao. Dawa za hospitali pia ziangalie: tramadol, zenye codeine, baadhi ya dawa za usingizi na za kifafa. Chukua cheti cha daktari chenye jina lako, dawa ikae kwenye kifungashio chake, na ubebe kiasi cha safari tu. Usibebe kifurushi cha mtu usiyejua kilichomo, hata kama kimetoka kwa imamu. Na wale wenye hirizi na chupa za dawa za kienyeji, ukipitia Dubai au Jeddah fahamu kwamba huko vitu hivyo huhesabiwa uchawi, na uchawi ni kesi.

Wakati wa kwenda ni Novemba mpaka Machi. Sisi tunasema tunajua joto. Hatujui. Juni 2018 mji wa Qurayyat, pwani kusini ya Maskati, ulikaa usiku na mchana joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6, na dunia nzima ikaandika kwamba ni rekodi. Usiku, nasema. Bibi harusi mmoja aliolewa Julai na wageni wa kutoka Unguja walikaa wiki nzima ndani ya nyumba wakihamia kutoka kiyoyozi kimoja hadi chengine, wakarudi wakisema Oman hakuna cha kuona. Kama ni lazima usafiri katikati ya mwaka, nenda Salalah. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba mvua za rasharasha za khareef zinaugeuza mkoa wa Dhofar, ambako Salalah iko, kijani, ukungu unashuka milimani, na pembezoni mwa barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai vibandani. Mtu wa Bububu atajiuliza kasafiri au hakusafiri. Lakini ni kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Maskati na hoteli hujaa, maana Ghuba yote inakimbilia huko.

Ramadhani miaka hii inaangukia ndani ya miezi hiyo ya baridi. Ni wakati mzuri wa kuona jamaa, usiku unachangamka, ila kula na kunywa hadharani mchana ni kosa la kisheria kwa kila mtu, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Pesa. Rial moja ni kama dola 2.60 na imefungwa hapo tangu 1986, kwa hiyo haina mchezo wa kupanda na kushuka. Shida yake ni akilini. Unasikia "rial tano" sokoni Mutrah, sikio lako linasikia elfu tano, mkono unalipa. Umetoa dola 13 kwa kifurushi cha ubani. Rial inagawika baisa 1,000, na noti ndogo ndogo, za baisa 100 na 500, zinanunua vitu vya kweli, usizidharau. Ubani wenyewe wa Dhofar ni mzuri, chagua ule mweupe unaokaribia kijani, na bei ya kwanza si bei. Patana na muuzaji kwa Kiswahili ukiweza. Siahidi kwamba atapunguza, lakini mazungumzo yatakuwa mazuri zaidi.

Teksi zamani zilikuwa za kupatana, na aliyefika usiku alikamuliwa. Siku hizi kuna programu ya simu iitwayo OTaxi, na mabasi ya Mwasalat yanapita kiwanjani kuelekea Ruwi kwa bei ndogo sana. Ukikodi gari, kamera za mwendo ziko kila mahali na hazikujui wala hazina bibi Chake. Jebel Akhdar hupandi bila gari la magurudumu manne yanayovuta. Polisi wako chini ya mlima na wanakurudisha.

Nizwa usiikose, na uende Ijumaa alfajiri. Kabla jua halijakolea, kwenye uwanja chini ya ngome, wanunuzi wanakaa duara, na wauzaji wanazunguka wakikokota mbuzi na ng'ombe huku wakitaja bei kwa sauti. Mzee mwenye fimbo na kilemba anamkamata mbuzi sikio, anamfungua mdomo kuangalia meno, anampapasa mgongo, anamwachia bila kusema kitu. Mara ya pili yule muuzaji akipita, bei imeshuka. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimwona babu yangu katika kila mnunuzi wa tatu, kofia ile ile, ukimya ule ule wa mtu anayejifanya hana haja.

Sur nayo, kwa mwenye hamu ya majahazi, bado kuna karakana ya mafundi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos una zulia la mita za mraba zaidi ya 4,000 ndani ya ukumbi wa wanaume. Wasio Waislamu huingia asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke ajifunike nywele na mikono. Nje ya misikiti hakuna sheria ya kumlazimisha mgeni avae abaya. Nguo ya heshima inatosha, ile unayovaa ukienda Makunduchi kumtazama mkwe.

Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na maduka mengi hufungwa mchana. Jioni ndiyo Maskati inaamka. Ufukweni Seeb moshi wa mishkaki unapanda, familia zimetandika majamvi, watoto wanakimbia, na mara utasikia mama akimgombeza mtoto kwa Kiswahili mpaka ugeuke kuangalia kama ni jirani yako. Hapo ndipo watu wanatoa simu na kuanza kurekodi. Usimpige picha mtu bila ruhusa, hasa wanawake, na usiiweke mtandaoni. Sheria yao ya makosa ya mitandao ya 2011 ni kali kuhusu faragha za watu, na tusi la WhatsApp nalo linaweza kukupeleka kituoni. Magomvi ya ukoo yaacheni Unguja.

Wengi huniuliza kama visa ya Oman inawavusha mpaka Dubai, kwa kuwa barabara ni saa chache tu. Haiwavushi. Sisi tumezoea Namanga na Horohoro, ambako mtu anavuka kwa karatasi ndogo ya Afrika Mashariki, tukadhani Ghuba nao ni hivyo. Raia wao ndio wanaovuka kwa kitambulisho. Wewe unahitaji visa ya kila nchi, na ukitoka Oman kwa visa ya kuingia mara moja, visa hiyo imekufa mpakani, hata kama ulitumia siku mbili tu. Mawaziri wa mambo ya ndani wa Ghuba waliafikiana Novemba 2023, Maskati hapo hapo, juu ya visa moja ya utalii kwa nchi zote sita. Jambo zuri, lakini usikate tiketi juu ya visa usiyokuwa nayo mkononi. Na Falme za Kiarabu hazipokei msafiri ambaye pasipoti yake ina jina moja tu, jambo linalowapata zaidi wazee wetu walioandikishwa kizamani.

Anayepanga kuunganisha na Umra atengeneze ya Saudia kwanza, halafu Oman ije baadaye, ili ukichelewa huku usikose kule.

Wakati wa kurudi, acha siku mbili au tatu za akiba kabla ya visa kwisha, kwa sababu ndege huahirishwa na shangazi huugua ghafla siku ya kuondoka. Halwa ya Barka au ya Nizwa ifunge vizuri kwenye bakuli lake uiweke kwenye begi kubwa la kupakia. Ukiibeba mkononi, wakaguzi wengine wanaihesabu na vitu vya majimaji, na sijui hata mmoja aliyewahi kuwashawishi vinginevyo, ingawa nimeona wengi wakijaribu kwa Kiswahili.